Sura ya Tano: Koo la Mtoto, Moyo wa Mama

Ukitaja ugonjwa wa moyo mbele ya watu, wengi humfikiria mzee mwenye presha au sukari, mtu wa mjini anayekula mafuta mengi na kutembea kidogo. Picha hiyo ina ukweli wake, na mwaka hadi mwaka inazidi kuwa kweli hata vijijini. Lakini yupo mgonjwa mwingine wa moyo ambaye picha hiyo inamficha. Ni mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, aliyezoea kupanda mpunga na kubeba kuni tangu utotoni. Mimba yake ya kwanza au ya pili ikifika miezi sita anaanza kuishiwa pumzi akitembea, kisha akikaa, kisha akilala. Usiku anaegemea ukuta, kwa sababu akilala chali anahisi anazama. Miguu imevimba, na nyumbani wanasema ni mimba. Anakohoa, wanasema ni pumu, au wanaogopa kifua kikuu. Kumbe kilichoharibika ni mlango mmoja ndani ya moyo wake, nao uliharibika zaidi ya miaka kumi iliyopita, alipokuwa mwanafunzi wa darasa la pili au la tatu aliyeumwa koo siku chache, akapona, na kila mtu akasahau. Hoja ya sura hii ni kwamba maradhi ya mama huyu yanazuilika, kwamba mahali pa kuyazuia ni zahanati ya kijiji, na kwamba delta ya Rufiji na wilaya ya Kibiti, ambako mtu angedhani kazi hii haiwezekani, ni mahali pazuri pa kuianza.

Tuanze na koo, maana ndiko ugonjwa huu wa moyo unakoanzia. Mara nyingi koo huuma kwa sababu ya virusi na hupona lenyewe. Mara chache zaidi mkosaji ni bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi A. Huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15, husambaa kwa pumzi na mate katika vyumba vilivyojaa watu, na kwa watoto wengi hupita bila kuacha alama. Kwa wachache, wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, kinga ya mwili iliyoandaliwa kumpiga bakteria hukosea shabaha. Sehemu fulani za bakteria huyu zinafanana na sehemu za mwili wa binadamu, hivyo askari waliotumwa kumfukuza mgeni wanaanza kumpiga mwenye nyumba. Magoti, vifundo vya miguu na viwiko vinavimba na kuuma kwa zamu, leo hapa, kesho pale. Homa inapanda. Baadhi ya watoto huanza kutikisa mikono na kukunja uso bila kutaka, hali ambayo ni rahisi kudhaniwa kuwa mashetani. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo hupona kabisa, lakini moyo huweka kumbukumbu. Valvu, zile tando nyembamba zinazofunguka na kufunga ili damu iende mbele isirudi nyuma, huvimba, hupata kovu na kushikana. Kila koo jipya la aina hiyo huweza kuamsha shambulio jingine, na kila shambulio huongeza kovu juu ya kovu. Hapa ndipo lilipo tumaini lote la sura hii: ugonjwa unaojengwa kwa awamu unaweza kusimamishwa kati ya awamu moja na nyingine.

Valvu yenye kovu hufungua pia njia ya maambukizi ya pili, na safari hii bakteria wenyewe wanaingia moyoni. Katika moyo mzima damu hupita juu ya utando laini usioshika kitu. Penye kovu damu hubanwa, huruka kwa kasi na kuuchubua utando, na chembe za kugandisha damu hujikusanya pale palipochubuka. Bakteria wanaoponyokea kwenye damu kutoka fizi zinazotoka damu, jino bovu, jipu au jeraha lililooza, ambao kwa kawaida huuawa upesi, sasa wanapata pa kushika. Wanajenga kichuguu kidogo juu ya valvu, mahali ambapo chembe za kinga hazifiki kirahisi. Vipande vya kichuguu hicho vikimeguka husafiri na damu: kimoja kikikwama kwenye ubongo mtu hupooza upande mmoja, kingine kikishika ukuta wa mshipa huula mpaka ukatuna kama puto na kupasuka. William Osler, daktari kutoka Kanada, aliueleza ugonjwa huu kwa kina katika mihadhara yake ya London mwaka 1885, na kwa karibu miaka 60 iliyofuata takriban kila aliyeupata alikufa, mpaka penisilini ilipoanza kutumika. Hata leo tiba yake ni antibayotiki ya mshipani kwa wiki 4 hadi 6, na katika hospitali zenye kila kifaa mgonjwa mmoja kati ya watano hivi hufa.

Sasa uchukue ugonjwa huo uuweke mahali ambapo homa ina jina moja. Kwa vizazi vingi, katika ukanda wa mto Rufiji, kusema mtu ana homa kumekuwa sawa na kusema ana malaria, na mara nyingi watu wamekuwa sahihi. Siku hizi zahanati zina kipimo cha haraka cha malaria, na dawa mseto hupewa aliyeonekana na vimelea. Lakini kipimo kikisema hakuna malaria, swali linalofuata halina kifaa cha kulijibu. Mgonjwa hupewa vidonge vya antibayotiki, homa hushuka siku tatu, hurudi, naye hupewa vidonge vingine au hujinunulia dukani. Bakteria walioko moyoni hupunguzwa bila kumalizwa. Akifika hospitali ya rufaa na damu yake ikachukuliwa ili bakteria waoteshwe maabara, mara nyingi hawaoti, kwa sababu dawa za njiani zimewaficha. Akifa, ndugu wakaulizwa alikufaje, watasema homa ya muda mrefu, kukohoa, kuvimba miguu. Maelezo hayo yanaingia kwenye malaria, kwenye kifua kikuu, kwenye upungufu wa damu, na mara chache sana kwenye valvu ya moyo. Ugonjwa usioandikwa kwenye daftari hauagiziwi dawa, na ugonjwa usioagiziwa dawa huendelea kukosa nafasi kwenye daftari.

Msomaji makini atauliza kama pengine hauandikwi kwa sababu ni wachache wanaougua. Ni swali la haki, na ushahidi wa kulijibu upo karibu na pwani yetu. Nchini Msumbiji, watafiti waliwapima wanafunzi mjini Maputo kwa njia mbili, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Kwa kusikiliza moyo kwa kifaa cha kawaida na kuwathibitisha waliotiliwa shaka, walipata watoto 2.3 wenye ugonjwa kwa kila 1,000. Walipowapima kwa eko, ile ultrasaundi inayoonyesha valvu zikicheza, wakapata 30.4 kwa kila 1,000. Watoto wenye valvu mbovu walikuwa zaidi ya mara kumi ya wale ambao sikio la daktari lilikuwa limewasikia. Muhimbili, ambako wagonjwa wa Kibiti hupelekwa wanaposhindikana kwao, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kazi, na takriban 12 kati ya kila 100 walikuwa na ugonjwa huu wa valvu. Tena hao ni waliofanikiwa kufika Muhimbili. Utafiti mwingine ulioshirikisha hospitali 25 katika nchi 14, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda, ulipata kwamba nusu ya wagonjwa walikuwa na umri usiozidi miaka 28, theluthi mbili walikuwa wanawake, na ndani ya miaka miwili karibu 17 kati ya kila 100 walikuwa wamefariki. Duniani kote ugonjwa huu una watu zaidi ya milioni 40, na wengi wao wanaishi kule ambako nyumba ni finyu na zahanati iko mbali.

Nyumba finyu na zahanati ya mbali: kwa maneno hayo tumeshafika deltani. Misitu ya mikoko ya Rufiji, yenye hekta takriban 53,000, ndiyo mikubwa kuliko yote iliyo kwenye mdomo wa mto mmoja katika Afrika Mashariki, na ndani yake, katika kata kama Salale, Mbuchi, Msala, Kiongoroni na Maparoni, watu huvua, hulima mpunga na kukata boriti. Njia zao ni vijito, na ratiba ya vijito hupangwa na maji kujaa na kupwa. Bondeni, msimu wa kilimo huwavuta watu kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo katikati ya mashamba, ambako familia nzima hulala chumba kimoja ikilinda mazao dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Serikali iliwahamishia wakulima wa bondeni nyanda za juu mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini mashamba yenye rutuba yalibaki kule chini, na watu wameendelea kuyafuata. Mafuriko nayo huja na kuondoka. Yale ya Aprili 2024 yaliwatoa watu wengi makwao katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Katika maisha ya namna hiyo, koo la mtoto linalouma siku tatu halistahili nauli ya boti. Mama atamkandia shingo, atampa maji ya chumvi ya kusukutua. Likizidi, wapo watakaosema ni kimio, na mkata kimio hayuko mbali. Ukataji wa kimio unajulikana sehemu nyingi za Tanzania, na hatari zake ni kutokwa damu, pepopunda, na bakteria kuingia kwenye damu kupitia kidonda. Lakini anayempeleka mtoto wake huko anatafuta tiba ya koo kwa yule aliye karibu, na kumlaumu hakusaidii kitu mpaka tumsogezee aliye bora.

Aliye bora anajulikana tangu mwaka 1950. Katika kambi ya jeshi la anga la Marekani huko Wyoming, ambako vijana walilala kwa mamia katika mabweni na kuambukizana makoo, madaktari walionyesha kwamba penisilini iliyotolewa wakati wa koo huzuia homa ya baridi yabisi kwa wengi sana. Baadaye ilijulikana kwamba hata dawa ikichelewa hadi siku ya tisa bado inafaa, jambo lenye uzito mkubwa kwa mtu anayesubiri maji yajae. Ikaja benzathini penisilini, sindano ya msulini inayoachia dawa taratibu kwa wiki 3 hadi 4. Sindano moja humaliza koo. Na kwa aliyekwisha kupata homa ya baridi yabisi, sindano ile ile kila wiki 4, kwa miaka kadhaa, huzuia koo jipya lisiamshe shambulio jingine. Katika mkoa wa Pinar del Río nchini Cuba, mpango wa miaka kumi kuanzia 1986, uliojengwa juu ya kliniki za kawaida, daftari la wagonjwa na elimu kwa wazazi na walimu, ulishusha idadi ya wanafunzi wenye valvu mbovu kutoka 2.27 hadi 0.24 kwa kila 1,000. Na kwa jirani zetu Uganda, katika eneo la Gulu lililotoka kwenye vita vya muda mrefu, watoto zaidi ya 100,000 walipimwa kwa eko, na 818 waliokuwa na dalili za mwanzo wakagawanywa makundi mawili. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa watoto 3 tu wa kundi la sindano, yaani asilimia 0.8, na kwa watoto 33 wa kundi lisilochomwa, yaani asilimia 8.2. Kwa hesabu hiyo, kila watoto 13 hivi wakichomwa kwa miaka miwili, mmoja wao anaokolewa asisogee kuelekea moyo kushindwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021.

Pingamizi la kwanza na zito kuliko yote ni la vipaumbele. Wilaya yenye malaria, watoto wachanga wanaokufa na akina mama wanaotokwa damu wakati wa kujifungua itatoa wapi fedha za valvu? Jibu limo katika historia ya Rufiji yenyewe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati Kibiti bado ikiwa sehemu ya wilaya ya Rufiji, Wizara ya Afya ikishirikiana na shirika la utafiti la Kanada iliendesha mradi wa TEHIP huko Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali lake lilikuwa rahisi: bajeti ya afya ikifuata ushahidi wa kinachoua watu, nini kitatokea? Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba wakiandika waliozaliwa, waliokufa na sababu za vifo, kazi ambayo Taasisi ya Afya Ifakara iliiendeleza kutoka Ikwiriri. Ikaonekana, kwa mfano, kwamba malaria huko Morogoro ilikuwa inachukua asilimia 30 ya miaka ya maisha inayopotea huku ikipewa asilimia 5 ya bajeti. Mgawo ukarekebishwa, kwa nyongeza isiyofika dola moja kwa kila mtu kwa mwaka, na ndani ya miaka mitano vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Mtu anaweza kusema mfano huu unanipinga, kwa kuwa ushahidi ulielekeza fedha kwenye malaria. Nauelewa tofauti. Rufiji ilifundisha kwamba fedha zifuate miaka inayopotea kwa kitu kinachozuilika kwa bei ndogo. Mama anayekufa akiwa na miaka 28 huacha miaka mingi nyuma yake, na watoto wadogo pia, na dawa ambayo ingemkinga ni miongoni mwa sindano za bei nafuu kabisa katika stoo ya zahanati.

Tena sindano hiyo si mgeni pale. Ndiyo hiyo hiyo inayotibu kaswende kwa wajawazito kliniki, ugonjwa ambao nao ni wa bakteria na ambao ukiachwa miaka mingi huweza kuharibu aota, mshipa mkuu wa damu. Kwa maneno mengine, muuguzi wa Nyamisati au Bungu anayejua kumchoma mjamzito dhidi ya kaswende tayari anajua nusu ya kazi tunayoizungumza. Nusu iliyobaki ni kumtambua mtoto wa koo na kumwita tena baada ya wiki 4. Ndiyo maana pingamizi la fedha, likichunguzwa, hugeuka kuwa suala la mpangilio. Na ndiyo maana pia uamuzi wa kuuweka ugonjwa huu kwenye kapu la magonjwa yasiyoambukiza umetuchanganya: kapu hilo limejaa presha, kisukari na saratani, magonjwa ya dawa za maisha na mashine kubwa, na humo ndani ugonjwa ulioanza kwa bakteria wa koo na unaozuilika kwa penisilini umeonekana mkubwa kuliko uwezo wa zahanati.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanaohofia usugu wa dawa, na wana haki ya kuhofia. Ikiwa makoo mengi ni ya virusi, kumchoma kila mtoto ni kuharibu dawa. Lakini hoja yangu haitaki kila koo lichomwe. Mtoto mwenye makamasi, kikohozi na sauti iliyokauka karibu hakika ana virusi, naye anahitaji maji, pumziko na subira. Yule mwenye homa, koo jekundu lenye mabaka meupe, tezi za shingo zilizovimba na zinazouma, asiye na kikohozi wala makamasi, huyo ndiye wa sindano. Kanuni hiyo ina makosa yake, lakini ni bora kuliko hali ya sasa, ambapo vidonge vya antibayotiki hununuliwa viwili vitatu kwa koo lolote, havimalizwi, na havimsaidii mwenye virusi wala mwenye bakteria. Kwa upande wa usugu, maumbile yametupa zawadi ambayo hatukuifanyia kazi: baada ya miaka zaidi ya 70 ya matumizi, streptokokasi wa kundi A bado anauawa na penisilini ya kawaida. Bakteria wengine wametoroka dawa moja baada ya nyingine, yeye bado amesimama pale pale. Muuza duka la dawa muhimu akifundishwa kumtambua mtoto wa koo na kumwelekeza zahanati badala ya kumuuzia vidonge pungufu, matumizi ya antibayotiki hayataongezeka, yatapata macho.

Pingamizi la tatu ni hofu ya sindano yenyewe. Inauma, haina ubishi, na mtoto anayechomwa mara 13 kwa mwaka ana sababu ya kukimbia. Wapo pia waliosikia kwamba penisilini huua. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 1991 ulihesabu sindano 32,430 za kinga: mzio mkali wa kuhatarisha maisha ulitokea mara 4, na kifo kikawa kimoja. Kifo kimoja ni msiba kamili kwa nyumba iliyofiwa, kwa hiyo kila kituo kinachochoma lazima kiwe na adrenalini karibu na mtu anayejua kuitumia. Lakini wataalamu wa moyo wa Marekani walipopitia taarifa za vifo vya namna hii mwaka 2022, waliona kwamba baadhi vilihusu wagonjwa ambao moyo ulikuwa umeshaharibika sana, na huenda kilichowaua ni moyo dhaifu kushindwa kuhimili mshtuko na maumivu. Kwa hao walishauri vidonge. Ni sababu nyingine ya kuanza mapema, mtoto akiwa bado na moyo wenye nguvu. Katika ukanda wenye Waislamu wengi swali la Ramadhani nalo litakuja, na linajibika: wanazuoni wengi huona sindano isiyo lishe haimfunguzi aliyefunga, na mwenye shaka anaweza kuchomwa baada ya futari. Kinachotakiwa ni muuguzi alizungumze na mzazi kabla mwezi haujaandama, tarehe isije ikapita kimya kimya.

Pingamizi la nne ni la matumaini: si tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete? Tunayo, na ni fahari ya kweli. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, taasisi yenyewe ikaundwa 2015, na wagonjwa ambao zamani wangesubiri safari ya India wanatibiwa Dar es Salaam. Lakini fuata mgonjwa anaporudi nyumbani. Valvu ya chuma inamtaka anywe dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na damu yake ipimwe mara kwa mara: dawa ikipungua valvu huziba, ikizidi damu humwagika ndani ya mwili. Akishika mimba, dawa hiyo hiyo huweza kumdhuru mtoto tumboni. Bakteria nao wanaipenda valvu ya bandia hata kuliko ile yenye kovu, hivyo jino bovu linakuwa hatari ya maisha. Mtu wa Mbweni au Kariakoo anaweza kuishi hivyo kwa nidhamu. Mtu wa Kiongoroni, ambaye kipimo kiko ng'ambo ya vijito na safari ya barabara, anapewa moyo mpya pamoja na masharti ambayo mazingira yake hayawezi kuyatimiza. Kila mtoto anayelindwa kwa sindano anaiachia taasisi hiyo nafasi ya kumhudumia mgonjwa ambaye hakuna sindano ingemsaidia.

Pingamizi la mwisho linaheshimika kuliko yote: ugonjwa huu ni wa umaskini, na dawa ni kiraka. Ni kweli kwamba huko Ulaya homa ya baridi yabisi ilianza kupungua kabla ya penisilini, watu walipopata vyumba vya kutosha, maji na chakula bora. Nyumba yenye vyumba vitatu ni kinga ya moyo, na anayejenga madarasa ili watoto wasibanane dawatini anafanya kazi ya daktari bila kujua. Lakini nyumba bora ni kazi ya kizazi, na mtoto aliyeumwa koo wiki hii ana siku 9. Mambo haya mawili hayashindani. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023, na nchi yetu, pamoja na wanachama wengine wa Shirika la Afya Duniani, imeshaupata mwito wa azimio la mwaka 2018 la kukabili ugonjwa huu. Kiraka kinachomfikisha mtoto kwenye nyumba bora akiwa na moyo mzima si cha kudharauliwa.

Basi kazi yenyewe katika Kibiti ingeonekanaje? Daftari moja la wilaya lenye jina la kila aliyepata homa ya baridi yabisi au aliyeonekana na valvu mbovu. Benzathini isiyokosekana zahanati, ikihesabiwa kama chanjo inavyohesabiwa. Mwalimu anayejua kwamba mtoto anayechechemea kwa goti la leo na kifundo cha kesho asiitwe mvivu. Mkunga wa kliniki anayemsikiliza moyo kila mjamzito anayelalamika pumzi, kabla damu ya mimba, inayoongezeka kwa karibu nusu, haijauelemea mlango uliobana. Mhudumu anayekumbuka kwamba homa ya wiki mbili isiyo malaria, kwa mtu mwenye mlio moyoni, ichukuliwe damu kwanza na dawa baadaye. Vyote hivi ni vitu vidogo, na ugumu wake wote uko katika kurudiwa rudiwa bila kukatika kwa miaka kumi na zaidi.

Kurudia bila kukatika ndilo jambo ambalo wakosoaji husema watu wa delta hawataliweza. Nadhani hawajatazama wanavyoishi. Hakuna mvuvi wa Rufiji anayetoka bila kuuliza mwezi una siku ngapi, kwa maana mwezi mchanga na mwezi mpevu huleta bamvua, na bamvua ndiyo inayofungua vijito ambavyo maji mafu huvifunga. Kutoka bamvua ya mwezi mchanga hadi nyingine ni siku 29 au 30. Sindano inadai siku 28. Watu ambao tangu kale wamepanga safari, nyavu na mashamba kwa hesabu ya mwezi wanaombwa kuhesabu kitu kimoja zaidi, na kukianza siku moja au mbili kabla ya mwezi kurudi. Dawa ikiwepo zahanati siku hiyo, mtoto ataletwa na maji.